Kopo Uliloacha Chini ya Kitanda

Kaka yangu Otieno,

Kabla hujasoma mstari wa pili, simama uende unawe mikono. Na sabuni. Mpaka kwenye viwiko. Mimi nangoja hapa.

Umenawa? Sawa. Sasa wewe soma pole pole, kwa sababu mimi siwezi kuandika pole pole, unanijua, mkono wangu unakimbia na kichwa kiko mbele yake. Naandika barua ya wazi, kila mtu asome, kwa sababu zile nilizofunga kwa bahasha zimerudi na muhuri wa posta wa huko, ati huyo mtu alihama. Bwana Ramesh wa duka la vitambaa anasema simu yake haijalia kwa ajili yetu tangu kabla gugu-maji halijafunga ziwa. Basi wewe uliye huko ng'ambo, ukimwona mtu mrefu wa mtaa wa Nyalenda anayefanya kazi ya kemia, anayecheka kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe, mpe hii karatasi. Usimpe mkono. Mpe karatasi tu.

Otieno, unakumbuka ile Jumapili ya kwanza mlangoni kwetu? Tumetoka kanisani, bado nina gauni la kwaya. Wewe ulikuwa umeandikwa kazi pale wanapochunguza malaria, nje ya mji, na mtaa mzima ulijua wewe ni daktari, na wewe ulikuwa unakataa. "Mimi si daktari. Mimi ni mtu wa jeli." Hakuna aliyeelewa. Mimi pia sikuelewa, mpaka ukatoa chini ya kitanda ile kopo nyeupe yenye kifuniko cha buluu, ukachota unga mweupe kama sukari, ukatia kwa maji pamoja na unga mwingine kidogo, ukaweka glasi, isipate moto, kwa beseni ya barafu uliyoomba kwa watu wa samaki. Barafu ilikuwa na magamba ya mbuta ndani yake.

"Awuor, hii ni nini?"

"Maji."

"Una hakika?"

"Kwani mimi ni kipofu? Ni maji."

Ukatia chembe za chumvi kutoka kwa kikopo cha filamu, na tone moja la dawa ya chupa ndogo, inayonuka kama samaki wa juzi. Ukaniambia ningoje. Nikangoja, nikachoka, nikaanza kukutukana. Ndiyo ukainua glasi ukaipindua juu ya kichwa changu, juu ya gauni la kwaya, nikapiga kelele mpaka Mama Pamela wa jirani akatoka mbio na mwiko mkononi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama," ukamwambia. "Maji yamesimama tu."

Na yalikuwa yamesimama kweli! Glasi chini juu, na hakuna tone limeanguka. Mama Pamela akaangalia, akakuangalia wewe, akasema, "Hii mambo yenu ya uchawi mfanyie huko kwa wazungu," akarudi kwa mboga yake. Mimi sikulala vizuri wiki nzima. Nilitaka kujua. Ningekuwa na karo ningekaa shuleni niulize mwalimu, lakini mwalimu wangu ulikuwa wewe na hicho kizingiti cha mlango, na baadaye vitabu vya maktaba ambavyo nilisoma mpaka mama wa maktaba akaanza kuniwekea kiti.

Hivi ndivyo ulinieleza, na mpaka leo sijapata kitabu kinachoeleza vizuri kuliko wewe. Ulisema kuna chembe za aina ya vinaili. Kaboni mbili zimeshikana mikono yote miwili, kama watoto wanaocheza, wanaangaliana, hawana haja na mtu. Na mmoja wao amebeba naitrojeni mgongoni kama mtoto. Sasa anakuja radikali, aliyezaliwa na ile chumvi, mkono mmoja mtupu, hana adabu, anamnyakua mmoja. Yule aliyenyakuliwa anamwachilia mwenzake mkono mmoja, huyo mwenzake sasa ndiye mwenye mkono mtupu, na yeye anamnyakua jirani. Hivyo hivyo mpaka mtaa mzima umeshikana na maji hayawezi kupita katikati. Ule unga mwingine, ulisema, ni wa kufunga mafundo, ili mstari huu ushikane na ule.

"Na hewa?" niliuliza, kwa sababu ulikuwa umefunika glasi.

"Hewa ina oksijeni. Oksijeni ni mlevi anayeingia kwa dansi. Akikushika mkono, dansi yako imekwisha."

Nilicheka. Halafu ukasema kitu kingine, na hicho ulikisema bila kucheka. Ulisema hizi chembe zikiwa moja moja ni sumu. Zinapita kwa ngozi, zinaenda kwa mishipa ya fahamu, zinaizima taratibu, kuanzia vidole. Zikishashikana zikawa jeli hazina neno, hata mtoto anaweza kuchezea. "Hatari yake ni kabla hazijashikana," ulisema. Na wakati unasema hivyo, Otieno, ulikuwa unafuta unga na kiganja chako kitupu. Nilikuuliza glovu ziko wapi. Ukasema, "Glovu ni za kazini."

Naona hicho kiganja kila siku sasa.

Halafu ukapata nafasi ya kwenda kusoma. Mama alilia kituo cha basi kama umekufa, na wewe ulikuwa unampangusa machozi na unaangalia saa. Ulituachia kitanda chako, vitabu vyako, na chini ya kitanda sanduku la vitu vya Jumapili. Ulisema nisiguse mpaka urudi. Mimi sikugusa. Sikuambiwa nimwambie mama asiguse, na wewe pia hukumwambia. Nani angefikiria?

Jumamosi ulikuwa unapiga simu kwa Bwana Ramesh. Unakumbuka alivyokuwa anasimama hapo na futi yake ya kupimia vitambaa, ananigonga begani?

"Wewe Awuor, hiyo simu si ya harusi! Wateja wananisubiri!"

"Bwana Ramesh, tunaongea kemia."

"Ongea kemia mfupi!"

Na wewe ulikuwa unacheka huko upande mwingine, na unaeleza mbio mbio ile kazi yako mpya. Zamani, ulisema, tulikuwa tunaacha mistari ikimbie tu, mmoja mrefu, mmoja mfupi, kama gugu kwenye ziwa, linajiendea. Sasa watu wamejua kuifunga breki. Unaweka kizibo kwenye ule mkono mtupu. Mstari unalala. Kizibo kinatoka kidogo, unaamka, unashika mmoja au wawili, unalala tena. Mwisho wake mistari yote inatoshana.

"Kama kusuka nywele," nikasema. "Msusi hamalizi msuko mmoja aende mwingine na hasira. Anavuta kidogo hapa, kidogo pale, kichwa chote kinatoshana."

Halafu ukapiga kelele mpaka Bwana Ramesh akasikia. "Awuor! Hiyo ndiyo! Hiyo nitamwambia profesa!" Nilitembea mpaka nyumbani bila kukanyaga chini.

Lakini ulisema zako zinakataa. Hizi zenye naitrojeni ni kichwa ngumu. Breki yenyewe ni chumvi ya shaba, na yule mtoto wa mgongoni ananyakua shaba kila akipita, kama mtoto anavyonyakua nyanya za watu sokoni. Breki inakosa mtu wa kuikanyaga, mistari inakufa njiani. Ulikuwa unajaribu na unajaribu. Mchana wote uko nazo, unazipima, unazimimina. Na hiyo simu ya mwisho, ikasikika *paa!* halafu kimya, halafu sauti yako iko mbali inatafuta simu sakafuni.

"Imeniponyoka," ukasema. "Siku hizi vidole vyangu ni vya mtu mwingine." Na ukacheka. Mimi pia nikacheka. Bwana Ramesh akanigonga na futi. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Sasa kuhusu mama. Usishtuke. Shtuka kidogo.

Ilianza na beseni. Unajua mama anavyotengeneza ngege, samaki wake wa kuuza, hata haangalii, kisu kinaenda chenyewe, magamba yanaruka. Siku moja nikaona maji ya beseni ni mekundu kuliko samaki. Nikamshika mkono. Mwiba wa mgongo wa ngege ulikuwa umemwingia kwenye kidole gumba, umekaa hapo kama sindano kwenye kitambaa, na yeye anaendelea kukata.

"Mama, haukuchomi?"

"Nini?"

"Huo mwiba!"

Akaangalia kama anaangalia mkono wa jirani. "Ah. Hiyo ni uzee."

Mama hajazeeka, Otieno. Viganja vyake vilikuwa vinabanduka ngozi, vina jasho hata asubuhi ya baridi. Miguu ilikuwa inamsahau. Anavaa patipati, moja inabaki njiani na yeye anaendelea mbele, hajui. Alianza kutembea akigusa ukuta. Zahanati wakampima presha, wakampima sukari, wakasema yuko sawa, apunguze kufikiria watoto. Mimi nikakasirika, nikaenda maktaba, nikasoma kila kitu kinachosema ganzi. Na kwenye kitabu kimoja cha magonjwa ya viwandani nikapata ukurasa wa ule unga wako. Viganja kubanduka. Jasho. Ganzi kutoka vidole. Kutembea kama mlevi. Nilisoma nikasema, hapana, haiwezekani, mama hajawahi kukanyaga maabara.

Nikafika nyumbani. Alikuwa amekaa kitandani kwako amenyoosha miguu, anajipaka mafuta. Si unajua yale mafuta ya kupimiwa, unaenda na chombo chako dukani wanakujazia? Na chombo kilikuwa na kifuniko cha buluu.



"Mama, hiyo kopo umetoa wapi?"

"Chini ya kitanda ya Otieno. Kopo nzuri hivi inalala bure? Angalia kifuniko. Mende hawezi kuingia, hata akiwa na elimu."

"Ilikuwa na kitu ndani?"

"Unga kidogo."

"Kidogo namna gani?"

Unajua kidogo ya mama. Akanionyesha na vidole, na ilikuwa nusu ya kopo. "Nilimwaga yenye ilikubali kutoka. Yenye iligandamana chini nikaiacha. Kwani mafuta inaogopa unga?"

"Na hukuosha?"

"Maji ilikuwa shida hiyo wiki. Mbona unaniangalia hivyo? Awuor? Nyathina, mtoto wangu, ni nini?"

Nilimnyang'anya. Mama yangu mzazi nilimnyang'anya kopo mkononi, nikamwosha miguu na mikono kama mtoto mchanga, na yeye ananiuliza kama nimeokoka kanisa jipya.

Lakini sikuwa na hakika, na hiyo ndiyo ilikuwa inanila. Lebo ulikuwa umeikwangua. Pengine ulikuwa umetia kitu kingine ndani, pengine ni soda ya kuoka, pengine mimi ni kichaa wa vitabu vya maktaba. Ningekuuliza wewe, lakini wewe ulikuwa umehama. Basi nikauliza maji.

Nilivaa mifuko ya nailoni mikononi, mmoja juu ya mwingine. Nikatia maji kwenye kopo, nikatikisa, mafuta yakapanda juu, unga ukashuka na maji. Nikamimina ya chini kwenye chupa. Nikatoa chumvi yako kwenye kile kikopo cha filamu, imeshikana na unyevu, na chupa yako ndogo ya kunuka. Mama alikaa kwenye kiti cha mlangoni, pale pale ulipokuwa unakaa wewe. Nilimwambia: haya maji yakikataa kubadilika, mimi ni mjinga na unaweza kunicheka mpaka Krismasi. Yakibadilika, tumejua.

Tukangoja. Nikatikisa. Maji. Nikangoja tena. Maji.

"Umeona?" mama akasema. "Ni unga ya kawaida. Nirudishie kopo yangu."

Na Otieno, nilitaka kuamini! Nilikuwa nimefungua mdomo nicheke. Halafu nikakumbuka mlevi wako, oksijeni. Nilikuwa nimetikisa chupa kama mtu wa soda, nimeingiza hewa yote ya Nyalenda ndani. Dansi ingeanzaje? Na chumvi yenyewe ni kuukuu, imepoteza nguvu. Kukataa kwake hakukuwa kunaniambia kitu.

Nikaanza upya. Safari hii nilichemsha maji kwanza peke yake nitoe hewa, nikayaacha yapoe na kifuniko. Nikachukua unga mwingine kutoka chini ya kopo, chumvi mara mbili, tone mara mbili, nikajaza chupa mpaka shingoni, nikafunga. Sikutikisa. Niliiweka juani ukutani na nikakaa juu ya mikono yangu ili isiguse kitu.

Mama ndiye aliyeona kwanza maji yanaanza kubadilika. Nilipofungua na kuingiza kijiti, maji yalikuja nacho. Yakavutika. Marefu, mazito, yanang'aa, yanarudi chini pole pole.

"Kama apoth," mama akasema. Ile mboga yake ya kuteleza.

Hayakusimama kama yale ya Jumapili, kwa sababu sikuwa na unga wa mafundo. Lakini mistari ilikuwa imeshikana. Ni yenyewe. Nilikuwa nimeipenda hiyo kitu tangu gauni la kwaya, na hiyo siku niliiangalia nikaichukia.

Mama akauliza swali moja tu.

"Otieno alijua?"

Nikamwambia, "Alijua unga, mama. Hakujua kopo."

Hilo ndilo jibu nililompa, na ndilo naliamini. Lakini kuna usiku sijakuamini vizuri, kaka. Ulijua inapita kwa ngozi. Ulijua nyumba yetu haitupi kopo. Nimekasirika, nimelia, nimekusamehe, nimekasirika tena nikiosha vyombo. Sasa imebaki hofu peke yake.

Ule unga uliobaki niliufanya wote ushikane, tone kwa tone, mpaka hakuna hata mmoja anayetembea peke yake, tukauzika mbali na mfereji. Yule bwana wa zahanati nilimpelekea kitabu, akasoma amesimama, akakaa. Akasema hakuna dawa ya kumeza. Ni kuacha kugusa, na kungoja mishipa iote tena, kama itaota. Hiyo "kama" tuliishi nayo. Nilimfunga mama vifungo vya gauni. Nilimtengenezea samaki, vibaya, wateja wakalalamika. Gugu likafika mpaka ufukweni, mitumbwi haitoki, na mimi nikaona ni sawa, hata ziwa limekufa ganzi. Kila asubuhi nilimgusa nyayo na njiti ya kiberiti. "Unasikia?" "Sisikii." "Hapa?" "Awuor, nitakupiga teke." "Piga basi!" "Sijui mguu uko wapi."

Halafu juzi. Ngege wamerudi kidogo sokoni, na mama akaning'ang'ania ati atajaribu wawili tu. Niko ndani natafuta chumvi. Nikasikia:

"UWI! Mjinga huyu! Amenichoma!"

Nilitoka mbio nikakuta amerusha samaki mpaka kwa mlango wa Mama Pamela, amejishika kidole, anaruka kwa mguu mmoja, anamtukana ngege na ukoo wake wote. Analia kwa uchungu. Otieno, uchungu! Nilimkumbatia na magamba yake. Mama Pamela akatoka na mwiko.

"Nani amekufa?"

"Hakuna!" nikamwambia. "Ameumia tu! Mama ameumia!"

Akatuangalia tunacheka na kulia, akaokota ngege, akasema huyo sasa ni wake.

Ni usiku huo huo, nimelala kwenye kitanda chako, nimefurahi mpaka siwezi kufunga macho, ndiyo ile simu ya mwisho ikanirudia kichwani. *Paa*. "Vidole vyangu ni vya mtu mwingine." Nikakaa. Kopo ya mama ilikuwa moja. Wewe una chumba kizima cha makopo, na ulizoea kufuta na kiganja. Na tangu siku hiyo hujapiga simu tena, na mimi nilikuwa nafikiria umetusahau, umepata mzungu, umepata majivuno. Sikufikiria labda huwezi kubonyeza namba. Sikufikiria labda hata kalamu inakuponyoka.

Kwa hivyo sikiza. Huko hakuna ngege, najua. Tafuta pini. Jichome kidole gumba, cha mkono wa kulia, ule wa kufutia. Ukisikia, mpigie Bwana Ramesh. Nimeshamwomba, amekubali kupokea saa yoyote, hata wateja wakijaa. Usieleze kemia. Sema tu "Uwi," ukate. Yeye atatuma mtu mbio kwetu, na tutajua.

Usiposikia, acha kila kitu mezani kama kilivyo, hata kama mistari yako leo imekubali kutoshana. Iache ilale. Njoo nyumbani. Mishipa inaota, nimeona kwa macho yangu. Nitakufunga vifungo.

Mama anasema hana hasira ya kopo. Anasema ulete nyingine, yenye kifuniko kama kile, lakini safari hii uioshe wewe mwenyewe kwanza. Halafu anasema hapana, usioshe, usiguse, njoo mikono mitupu.

Kwa hofu nyingi na mapenzi zaidi,

dada yako mdogo anayekulindia kitanda,
Awuor